Bayorekta ya nyuzi: kasi yake iko kwenye mavuno, si kwenye seli

Maabara inayozalisha kingamwili kwa chupa bapa za plastiki hukwama mahali pamoja: seli nyingi hutanda chini ya chupa kwa tabaka moja, nafasi hujaa, na anayetaka bidhaa zaidi hana budi kuongeza chupa, mikono na hatari ya bakteria kupenya kila kifuniko kinapofunguliwa. Bayorekta (chombo cha kukuzia seli) ya nyuzi zenye uwazi ndani, ambayo Richard Knazek na wenzake waliieleza mwaka 1972, huondoa sehemu kubwa ya kikwazo hicho, ingawa si kwa kuharakisha ukuaji wa seli, kama wauzaji wanavyopenda kueleza.

Kiini chake ni katriji, yaani kasha lenye nyuzi nyembamba nyingi, mfano wa mishipa midogo ya damu. Pampu husukuma majimaji ya lishe ndani ya nyuzi, seli hukaa nje yake, na kuta za nyuzi hupitisha glukosi na oksijeni huku zikizuia molekuli kubwa. Kwa hiyo kingamwili, ambayo ni molekuli kubwa ya takribani kilodaltoni 150 (kipimo cha uzito wa molekuli), hurundikana upande wa seli katika ujazo mdogo, ilhali asidi ya laktiki, taka ya seli, husombwa na kuondolewa. Seli zaweza kufikia milioni 100 kwa mililita, na katika chupa ya kawaida milioni moja au mbili ni kiasi kizuri. Kwa hili ninaisifu bila kusita, kwa kuwa mavuno hutoka yakiwa yamekolea na kazi ndefu ya kuyapunguza maji karibu itoweke. Wanaozalisha eksosomu, vifuko vidogo sana vinavyotolewa na seli, hupata faida nyingine: seramu (majimaji ya damu ya ng'ombe yanayolisha seli) ikiwekwa ndani ya nyuzi pekee, eksosomu za ng'ombe zilizomo haziwezi kupenya na kuchanganyika na bidhaa.

Hata hivyo, seli yenyewe haiharakishwi. Hugawanyika kwa mwendo wake uleule, na katriji huhitaji muda wa kujaa kabla ya mavuno ya maana, hivyo anayehitaji kiasi kidogo upesi atahudumiwa vizuri zaidi na chupa.

Kasoro inayonisumbua zaidi ni kwamba seli hazionekani. Hakuna darubini itakayoonyesha hali yake. Mtaalamu hupima glukosi inayoliwa kila siku na kukisia. Seli zilizosongamana mbali na nyuzi hukosa oksijeni, hufa, na kumwaga protini na DNA zake ndani ya bidhaa. Eksosomu zina upana wa takribani nanomita 30 hadi 150, na mabaki mengi ya seli zilizokufa yako katika vipimo hivyohivyo, kwa hiyo muda uliookolewa katika kukuza waweza kupotea wote katika kusafisha. Ningeshauri maabara yenye fedha za katriji mbili inunue moja, na zinazobaki ziende kwenye vifaa vya kuchuja na kutenganisha.