Ap ya kamusi ya buku tano, nyota 3 tu, kisa neno moja

Jamani hii ap ya kamusi ya Kiingereza na Kiswahili nimeilipia buku tano nipate ile isiyo na matangazo na inayofanya kazi bila bando, na kwa hilo sina ugomvi, inafunguka chap na sauti ya kutamka iko poa. Balaa limeanza siku supavaiza kaniandikia pembeni ya tasnifu "show this empirically". Naingia kwenye ap, inaniletea "kwa majaribio". Basi, hamna mfano hamna nini.

Sasa mi utafiti wangu ni kukaa kituoni alfajiri na daftari nahesabu watu wanaogombania daladala, majaribio gani hapo?? Wiki nzima nimevuruga sura ya tatu, kumbe mzee wa watu alitaka tu namba nilizokusanya badala ya maneno ya vitabuni. Yaani empirically ni kujua kitu kwa kukiona, kukipima au kukihesabu, majaribio ni njia mojawapo tu. Daktari John Snow kule London 1854 hakumjaribishia mtu kipindupindu, alifuatilia waliokufa walikuwa wanaishi wapi na wanachota maji wapi, pampu ya Broad Street ikaumbuka, na mdudu mwenyewe hata hamjui. Wangeweka japo kinyume chake, "kinadharia", ningeelewa palepale.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Kiswahili tuna ndugu yake kabisa. Mujarabu! Dawa mujarabu si ndo ile iliyotumika watu wakaona inaponya? Mujarabu na jaribu zimetoka shina moja la Kiarabu, na hilo neno la Kiingereza nalo ukilifuata mpaka Kigiriki unakuta mambo ya kujaribu na uzoefu. Aliyetengeneza ap hakuona hata umuhimu wa kuligusia.

Mfano wa bure nawapa: mama yangu hajasoma kemia, ila siku moja alibandika sufuria mbili za maharage, moja yalilala kwenye maji moja makavu, ya kwanza yakaiva mkaa haujafika nusu. Toka hapo haambiwi kitu. Huyo anajua empirically.

Wakiweka mifano kama hiyo narudisha nyota zao mbili. Ila wenye simu zilizojaa picha mjipange, inakula nafasi sio mchezo, mi nimefuta video zote za harusi ya dada.