Bouillon ya Paris: msosi safi, supu sasa...

Nyota 4 kati ya 5, ile moja iliyopotea nitaieleza.

Nilikaa Paris siku tano na kila nikiuliza pa kula kwa hela ndogo naambiwa nenda bouillon, mi nikajua ni supu tu kumbe ni aina ya mgahawa. Neno lenyewe (wanatamka kama "buyo" ila mwisho unapitia puani) limetoka kwenye bouillir, kuchemka, na nyuma yake kuna Kilatini bulla, kile kiputo kinachopanda maji yakichemka. Kwahiyo mwanzo ni maji yaliyochemshiwa nyama. Supu. Sasa miaka ya 1850 muuza nyama mmoja anaitwa Duval akaanza kuwauzia vibarua wa soko la Les Halles supu na nyama ya kuchemsha kwa bei poa, basi jina la supu likahamia kwenye sehemu yenyewe hadi leo. Na usicheke, hata restaurant karne ya 18 lilikuwa jina la supu nzito ya kumrudishia mtu nguvu kabla halijawa la mahali pa kula, na sisi mgahawa wetu si ni gahawa, kahawa ileile!

Haya msosi. Foleni dakika 40, ukiingia unabanwa meza moja na watu usiowajua, mi nikaangukia kwa mzee mmoja na mkewe. Mhudumu kaandika oda kwenye karatasi iliyotandikwa mezani na bili kaijumlisha hapohapo kwa peni, nimeipenda sana hiyo. Mayai kwa mayonezi fresh, nyama ya ng'ombe iliyopikwa na mvinyo inaachia yenyewe hata kisu hugusi, mkate wanakuletea bure. Yote yuro 18 na senti, kwa Paris hiyo ni bure kabisa.

Tatizo ni bouillon yenyewe. Kibakuli kidogo, tambi nne tano zinaelea, ndimu hakuna, pilipili hakuna, aisee mtu uliyezoea supu ya kongoro na chapati mbili asubuhi utadhani umeletewa maji ya kunawa. Yule mzee kaona sura yangu kacheka, kwa Kiingereza cha kuokoteza akaniambia shukuru hujaletewa "bouillon ya saa tano", kwao hiyo ni sumu, unamwekea mtu kwenye kinywaji halafu ndo basi tena. Na wakisema fulani kanywa bouillon, ama kameza maji akiogelea ama biashara imemtupa. Basi mi siku hiyo nilikunywa mara mbili, kwa kijiko na kwa yuro mbili zangu.

Ukienda fika kabla ya saa sita mchana, baadaye foleni inazunguka kona. Supu ruka, nyama chukua, na pilipili beba yako.