Kaktasi za Raskazone: bei nzuri, majina hakuna

Kitalu hiki kiko kando ya barabara ya Raskazone, Tanga. Chungu kidogo ni shilingi 4,000, trei ya miche 20 ni shilingi 15,000. Mimea ni misafi, haina vidung'ata. Ila hakuna chungu hata kimoja chenye jina. Ukiuliza unaambiwa, "Hizo zote kaktasi, chagua tu."

Si zote. Meza ya nyuma imejaa Euphorbia trigona, ndugu wa mnyaa wetu wa ua. Tazama pale mwiba unapoota. Kaktasi ina areoli, kijidoa chenye manyoya kama pamba, na miiba hutoka hapo kwa fungu. Euphorbia haina areoli, na hizi za meza ya nyuma miiba yake hukaa miwili miwili. Wapo wanaochoma mmea kwa sindano kutafuta utomvu mweupe. Kipimo hicho hudanganya, maana baadhi ya kaktasi ziitwazo Mammillaria nazo hutoa maziwa. Na utomvu wa Euphorbia ukiingia jichoni ni balaa.

Zile za duara zinataka subira. Mammillaria haina matuta ya kushuka, ina vinundu, na maua yake huzunguka utosi kama kilemba. Gymnocalycium ina tumba laini lisilo na manyoya wala miiba. Echinopsis ina ua lenye shingo ndefu ya manyoya. Ua likigoma kung'oka, likiwa kavu na limekaa katikati ya utosi, chunguza: hapa yapo yaliyobandikwa kwa gundi ya moto, na gundi hiyo huumiza kichwa cha mmea.

Zenye vichwa vyekundu zimepandikizwa juu ya shina la pembe tatu la mmea wa tunda la dragoni. Kichwa hakina ukijani, kwa hiyo ukikikata ukakipanda peke yake kitakufa.

Trei ya miche ndiyo bahati nasibu. Echinocactus grusonii ikiwa changa ina vinundu, matuta huja baadaye, hivyo wengi huiita Mammillaria. Isitoshe, miche imelelewa chini ya neti nzito ya kuzuia jua. Mche wa duara umerefuka na kuchongoka mpaka unafanana na kaktasi ya mnara. Soma umbo la sehemu itakayoota baada ya kupata mwanga, si hiyo iliyokwisha kurefuka. Itoe juani kidogo kidogo kwa wiki mbili, la sivyo itaungua.

Udongo wao una samadi nyingi mno. Badilisha kabla ya masika: nusu mchanga wa mto uliooshwa, nusu udongo na kokoto ndogo, vinginevyo shina huoza kuanzia chini.

Lebo kata kutoka kopo la aiskrimu, uandike kwa penseli, kwani wino wa kalamu nene hupauka juani. Andika tarehe na jenasi tu, yaani jina la kundi, mfano "Mammillaria sp." (sp. ni spishi ambayo bado haijatambuliwa), mpaka ua litoke. Jina la kubahatisha likishaandikwa, hufuata kila chipukizi utakaomgawia jirani.