Fundi wa spika nyuma ya soko la Majengo, Dodoma: kwa wale wa muziki wa filamu

Mbukwenyi wana Dodoma. Kuna watu watatu wanne waliokuja kwangu kwenye kipaimara cha mdogo wangu wameniuliza ile sauti ilikuwa inatoka kwenye redio gani, wengine wakadhani nimevunja kibubu nikanunua kitu cha milioni, hapana jamani, zile ni spika kuukuu za mtumba zilizofufuliwa na fundi mmoja ana banda nyuma ya soko la Majengo. Banda lenyewe halina bango wala jina, ndo maana naandika kirefu, kwasababu ukiambiwa tu "nenda Majengo" utazunguka mpaka jua likuchome.

Kwanza mjue mi nasikiliza nini maana ndo itaeleza kwanini fundi huyu nampa nyota zote. Muziki wangu ni muziki wa filamu. Sisemi zile nyimbo za kuimbwa, nasema ile okestra inayopiga nyuma ya picha, violini, chelo, filimbi, matarumbeta, watu themanini au zaidi wanapiga kwa pamoja na kwenye picha humwoni hata mmoja. Nilianza nikiwa darasa la nne kwetu Mpwapwa, kibanda umiza, picha ilikuwa Jurassic Park ya 1993 imetafsiriwa Kiswahili, na mnajua zile za kutafsiriwa jamaa anaongea mwanzo mwisho, muziki unausikia kwa mbali kama redio ya jirani. Sasa ikafika pale wanapomwona yule mnyama mwenye shingo ndefu kwa mara ya kwanza, mtafsiri akanyamaza. Akanyamaza kabisa, na okestra ya mtunzi John Williams ikabaki peke yake inapanda taratibu kama jua linavyotoka nyuma ya milima ya Kiboriani, nikasisimka mwili mzima na machozi yakanitoka, mtoto wa miaka kumi, sikujua hata kinachoniliza ni nini. Tangu siku ile kila picha nikiangalia nasubiri majina ya mwisho nione muziki katunga nani.

Sasa shida ya mtu kama mimi kwenye mji wetu ni kwamba ukienda kutafuta redio utauziwa sabufa. Sabufa ni nzuri kwa kazi yake, singeli inataka sabufa, harusi inataka sabufa, sina ugomvi nayo. Ila mwaka juzi nilitoa laki tatu na ishirini kwenye duka moja la hapa mjini, nikamwomba muuzaji nijaribishe na fleshi yangu akasema haina haja dada, akaweka ngoma yake, akafungulia mpaka vioo vya kabati vikatetemeka, akaniambia umesikia hiyo besi? Nikabeba. Nimefika nyumbani Nkuhungu nikaweka muziki wa picha ya Jaws, ile ya 1975, wengi mnaujua, noti mbili tu zinarudiwarudiwa chini kabisa kama papa anakuja. Zile noti zinapigwa na vyombo vya nyuzi vile vikubwa, na utamu wake wote uko kwenye upinde unavyokwaruza uzi, unasikia mti, unasikia mkono wa mtu. Kwenye sabufa yangu nikasikia du-du, du-du, kama mtu anapiga godoro. Nikapunguza besi ikawa imebaki sauti ya bati. Kati hakuna kitu kabisa, na okestra karibu yote inaishi hapo kati! Nikarudisha siku ya pili nikaambiwa mzigo ukishatoka dukani haurudi.

Ndo nikaamua kutafuta spika za zamani, zile mbili mbili za maboksi ya mbao, kila moja ina koni kubwa chini, ile karatasi ya duara inayosukuma hewa, na twita juu, kale kaspika kadogo ka sauti nyembamba. Nikapata kwa mtu anahama Area C, elfu themanini zote mbili pamoja na ampilifaya yake. Wiki ya tatu hivi ile sponji inayozunguka koni ikaanza kumeguka, ukigusa inabaki kidoleni kama mkate uliokaa juani. Ndivo zilivyo hizo sponji, miaka ikienda zinaoza zenyewe, na hili vumbi letu la Dodoma na joto sidhani kama vilisaidia. Sauti ikaanza kukwaruza. Mafundi wawili wakaniambia tupa, nunua sabufa.

Wa tatu ndo huyu mzee.

Nimefika na spika zangu kwenye bajaji, nikamsalimia shikamoo baba, akaitikia marahaba mwanangu, hakuniuliza bei wala nini, akachukua spika moja akaiweka mapajani, akabonyeza koni kwa vidole vinne taratibu huku ameinamisha sikio kama daktari, akaachia, akabonyeza tena. Akasema koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, ni nzima, kinachokwaruza ni sponji imekufa upande mmoja koni inakaa kombo. Alafu ndo akaniuliza swali ambalo hakuna muuzaji wala fundi mwingine amewahi kuniuliza: "Wewe unasikilizaga nini?"

Nikamweleza. Nilijua atacheka, hakucheka. Akasema basi kesho kutwa uje na nyimbo zako, kwasababu spika ya kwaya sio spika ya singeli na hiyo yako siijui mpaka niisikie.

Hapa sasa naomba mnisikilize vizuri wenye spika za mtumba. Nimerudi siku hiyo nikamkuta kashabandua sponji zote za zamani, amekwangua gundi ya zamani kwa wembe pole pole mpaka ukingo wa karatasi ukawa safi bila kuchanika, sponji mpya ameziweka na gundi nyeupe na amezibana na vibanio vya nguo, vile vya kuanikia, kuzunguka duara lote. Zikikauka akachukua betri ndogo ya rimoti na waya mbili. Akagusisha kwenye spika ya kwanza, koni ikaruka mbele. Akagusisha ya pili vilevile, mwekundu kwa mwekundu, mweusi kwa mweusi, koni ikarudi ndani! Akarudia mara mbili nione. Akaniambia mwanangu kuna mtu huko nyuma aliwahi kufungua hii akageuza waya, hizi spika mbili moja inasukuma hewa wakati mwenzake anavuta, wanapigana, sasa wewe ulikuwa unasikia ugomvi wao.

Nilikaa kimya. Kwasababu nina wimbo mmoja wa Ennio Morricone kwenye The Mission, picha ya 1986, kuna obo inapiga peke yake, ni kama filimbi hivi ila ina sauti ya puani yenye huzuni, na siku zote tangu nimenunua zile spika obo ile nilikuwa naisikia haina mahali, mara iko ukutani, mara iko nyuma ya kichwa. Nilijua ndo ilivyorekodiwa. Nimeilaumu rekodi ya watu bure.

Akageuza waya, akalehemu, akaweka spika juu ya kreti mbili za soda, akanivutia stuli akapima kwa macho umbali wangu na kila spika ulingane, akasema weka hiyo ya kilio. Nikaiweka. Obo ikasimama katikati. Hapo hapo mbele yangu, kwenye nafasi ambayo haina kitu zaidi ya ukuta wa mabati na kalenda, unaweza kunyoosha kidole ukasema mpigaji amekaa pale, na unasikia anavuta pumzi kabla hajaanza. Pumzi jamani! Nimeusikiliza wimbo huo miaka na miaka sikuwahi kujua kuna pumzi mle.

Tukaendelea, na mzee mwenyewe akawa amenogewa akaacha kazi zingine. Nikaweka Star Wars ya 1977, ile London Symphony Orchestra wanavyoingia wote kwa mpigo mmoja mwanzoni, nikamwona ameruka kidogo, akacheka akasema hawa wangapi? Violini zikawa kushoto, zile nyuzi nzito kulia, matarumbeta nyuma kabisa kana kwamba banda limeongezwa urefu. Nikaweka Psycho ya 1960, Bernard Herrmann aliitunga kwa vyombo vya nyuzi peke yake, hamna ngoma hamna tarumbeta, na ile inapima twita bila huruma kwasababu violini zinapiga kelele juu kabisa kama visu. Hapo twita ya kulia ikaonekana imechoka, inapasua. Mzee aliisikia kabla yangu. Akaibadilisha palepale, akaniongezea elfu nane kwenye bili, haki yake.

Alafu nikamwekea Hatari!, picha ya 1962, imepigwa huku kwetu Tanganyika kabla hata hatujaitwa Tanzania, muziki wa Henry Mancini, kuna ule wimbo wa watoto wa tembo wanavyotembea, klarineti inachezacheza juu, chini panatembea mguu mzito. Mzee akauliza mara tatu, imepigwa Arusha kweli? Akairudia mwenyewe.

Kitu kilichonifanya nimheshimu zaidi ni hiki. Yeye ni Mgogo, na ndani ya banda kuna ilimba imetundikwa, kile chombo cha Wagogo cha boksi la mbao na vyuma vya kupiga kwa vidole gumba, akaitoa akaipiga kidogo. Mnaojua ilimba mnajua ina matundu yamezibwa na utando wa buibui ili kila noti itoe na mlio wa zzz pembeni. Akasema unasikia, hii inalia zzz kwasababu aliyeitengeneza kataka ilie hivo, bila hiyo zzz sio ilimba, ila spika ikilia zzz hiyo ni ya kwake yenyewe sio ya mwenye wimbo, na kazi yangu mimi ni kuondoa ya spika ibaki ya mwenye wimbo. Nimesoma maelezo mengi sana ya vyombo vya muziki, sijawahi kukutana na mtu kaeleza vizuri kama huyo mzee mbele ya meza ya vyuma.

Bei sasa. Sponji mbili na ufundi elfu arobaini na tano, twita elfu nane, kusafisha ampilifaya na kubadilisha kapasita mbili zilizovimba, vile vidude vya ndani vya kutunza umeme, elfu kumi na tano. Jumla elfu sitini na nane. Pamoja na elfu themanini ya kununulia bado sijafika hata nusu ya ile sabufa. Zimefika mwezi wa saba sasa, sponji ziko imara, hamna mkwaruzo.

Yasiyopendeza nayo niyaseme. Mzee ni mtu wa taratibu sana, aliniambia siku nne zikawa tisa, na simu anapokea akitaka. Hatoi risiti, anakuandikia kwenye karatasi ya daftari. Banda ni dogo, vumbi la barabarani linaingia, kama una spika yenye koni wazi nenda na kitenge cha kufunikia wakati wa kurudi. Na ukimletea sabufa ya plastiki atakutengenezea lakini utaona kabisa moyo wake haupo, hilo angejirekebisha maana wateja wengi wa pale ndo hao.

Ukitaka kwenda: unaingia upande wa wauza vyombo vya plastiki, unapita mashine ya kusaga, unaenda mpaka uone maboksi ya spika yamepangana nje kama matofali. Anafungua saa tatu asubuhi, Jumapili hayupo yuko kanisani. Nenda na nyimbo zako mwenyewe kwenye fleshi, na faili zake ziwe zile nzito sio zilizobanwa mpaka zikawa ndogo, kwasababu hizo hata kwa spika nzima violini zinasikika kama maji yanachemka. Usiende na haraka. Na usiogope kumwambia unapenda nini, hata kama ni kitu ambacho nyumbani kwenu hakuna anayekuelewa.

Mwezi ujao nampelekea redio ya baba, ile ya mbao iliyokaa darini tangu tuhame Mpwapwa, keshaniambia niilete na waya wake wote nisitupe hata msumari. Ukimkuta mwambie umetumwa na yule binti wa violini, atakusogezea stuli.