Vitafunwa vya kijana wa sekondari: kipi kinunuliwe kwanza

Mtoto wa sekondari akitoka darasani saa tisa alasiri ana njaa ya kweli, usimwite mlafi. Mfukoni ana buku, na getini kumepangwa soda, krispi na biskuti. Ukitaka anunue kitu kingine, basi kimshibishe, kiwe kitamu, na kipatikane palepale. Kwa vigezo hivyo, mimi hapa Dar es Salaam napanga hivi.

1. Karanga za kukaanga. Hazina mpinzani. Gramu 100 zina protini ya gramu 25 hivi, na mafuta yake humshikilia mtu hadi chakula cha usiku. Ila ununuzi wake unataka macho. Ukichukua mbichi kwa kilo, zimwage kwenye ungo, utoe zote zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu. Usijidanganye kwamba moto utazisafisha: sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haiondoki kwa kukaangwa. Za pakiti, fungua moja uonje. Zikiwa chungu au zinanuka mafuta ya zamani, acha. Korosho ni nzuri vilevile, tatizo bei.

2. Yai la kuchemsha na kachumbari. Yai moja lina protini kama gramu 6. Chagua muuzaji anayelimenya mbele yako na mwenye maji ya kunawa. Kachumbari iliyoshinda juani tangu asubuhi, mwambie asiweke.

3. Matunda ya msimu. Ndizi mbivu ndiyo salama zaidi getini, maana anaimenya mwenyewe. Machungwa na maembe nunua mengi uweke nyumbani, mahali anapoyaona akiingia tu. Ubuyu nao mzuri, lakini ule mweupe. Mwekundu umepakwa sukari na rangi.

4. Mahindi na mihogo ya kuchoma. Kwa ndimu na pilipili, vijana hawahitaji kubembelezwa. Mihogo ya kukaanga iko chini kidogo, hasa kama mafuta ya karai yameshakuwa meusi.

5. Krispi na biskuti. Chumvi, sukari, mafuta, na baada ya nusu saa njaa imerudi. Si za kila siku.

6. Soda na vinywaji vya kuongeza nguvu. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwa chini ya asilimia 5, yaani kama gramu 25, ni bora zaidi. Chupa moja ya kola ya mililita 350 ina zaidi ya gramu 35. Vya kuongeza nguvu vina kafeini juu yake, na mtoto anayejiandaa na mtihani anahitaji usingizi.

Mahubiri hayasaidii. Jumamosi mpe hela na kikapu, aende sokoni achague mwenyewe karanga na matunda ya wiki nzima. Alichokichagua atakila.