Ssese na mama yangu na wajukuu wake

Tulikwenda visiwa vya Ssese, katika Ziwa Victoria upande wa Uganda, tukiwa watu tisa: mama mwenye miaka 74, dada na mumewe, mimi, na watoto watano. Meli ya MV Kalangala hutoka Nakiwogo, Entebbe, saa nane mchana, na kufika Lutoboka, kwenye kisiwa cha Bugala, kimojawapo cha visiwa hivyo, huchukua kama masaa matatu na nusu. Nendeni mapema mkiwa na mzee, apate kiti karibu na dirisha.

Safari yenyewe ndiyo niliyoipenda kuliko yote. Mkiwa ziwani mnavuka ikweta. Mwanangu alikuwa akitazama simu, namba za latitudo zikashuka hadi sifuri, watoto wakapiga kelele. Mama akasimama, mikono miwili kwenye chuma, kanga ikipepea, akauliza, "Mstari uko wapi, mjukuu wangu?" Akaonyeshwa maji. Akayatazama muda mrefu.

Nyumba ya wageni tuliyofikia siisifu. Niliomba kwa simu chumba cha chini kwa ajili ya magoti ya mama, wakakubali. Tulipofika tukapewa cha juu, ngazi 23 za mawe. Niliumia kumwona akipumzika kila ngazi ya tano. Lipeni baada ya kukiona chumba.

Sato wa kuchoma alikuwa mtamu, ngozi imekauka vizuri, na ndimu tele. Watoto tuliwakataza kuogelea ziwani kwa sababu ya kichocho. Wakacheza mpira mchangani mpaka giza.

Meli ya kurudi huondoka saa mbili asubuhi. Mama ameshauliza tutakwenda lini tena.