Magnesiamu ipi ununue duka la dawa? Sitreti kwanza, oksaidi baadaye

Ukiingia duka la dawa ukasema tu "nipe magnesiamu", usishangae kupewa kidonge kikubwa cheupe cha kutafuna. Hicho ni magnesiamu trisiliketi, mara nyingi ikiwa imechanganywa na alumini, na kazi yake ni kupoza asidi ya tumbo. Kwa kiungulia hujakosea. Ila kama nia yako ni kuongeza madini mwilini, taja jina zima.

Ningenunua magnesiamu sitreti kwanza. Inayeyuka vizuri kwenye maji na mwili huifyonza kuliko oksaidi. Hulegeza choo kidogo, na mwenye choo kigumu hapo kapata faida mbili. Nyuma yake naweka glisineti, ambayo magnesiamu yake imeshikana na asidi amino (kijenzi cha protini) na haisumbui sana tumbo. Kinachoishusha ni bei tu; mwenye tumbo jepesi na mfuko mzito aanze nayo.

Oksaidi ni ya tatu, na ndiyo inayowababaisha wanunuzi. Kwa uzito, takriban asilimia 60 yake ni magnesiamu yenyewe, wakati sitreti ina kama 16 na glisineti kama 14. Kwa hiyo miligramu 500 za oksaidi hubeba karibu 300 za magnesiamu, na 500 za sitreti hubeba 80 hivi. Kwenye kibandiko oksaidi inapendeza, ni rahisi, tena inaenea kwenye kidonge kidogo. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa hupita tumboni na kutoka ilivyoingia. Halafu kampuni nyingine huandika uzito wa oksaidi au sitreti nzima, nyingine wa magnesiamu peke yake. Muulize mfamasia namba ile ni ya nini kabla hujalinganisha bei.

Mwanamume mzima anahitaji miligramu 400 hadi 420 kwa siku, mwanamke 310 hadi 320, chakula kikiwemo. Kwa vidonge pekee, Marekani imeweka kikomo cha 350. Ukizidisha, kuhara kutakukumbusha. Na kama nyumbani mnakula dona badala ya sembe, mnatafuna korosho na mbegu za maboga (gramu 28 za mbegu hizo zina miligramu 150 hivi), huenda chupa huihitaji kabisa.

Chumvi ya Epsom, yaani magnesiamu salfeti, inunue kwa kulowekea miguu iliyochoka, basi. Ushahidi kwamba hupenya ngozi kwa kiasi cha maana ni dhaifu, na ukiinywa ni haluli kali. Hospitalini salfeti hiyohiyo hudungwa kwa wajawazito wenye kifafa cha mimba, lakini ile ni dawa ya kupimwa na kusimamiwa. Mafuta ya magnesiamu ya kupaka ningeyaacha rafuni.

Wanaonunua kwa ajili ya misuli kukaza usiku wajue hili: mapitio ya 2020 ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliona kwamba kwa wazee magnesiamu haielekei kusaidia kwa kiasi cha maana.

Mwenye ugonjwa wa figo asinunue bila daktari, kwa sababu figo ndizo zinazotoa ziada. Anayemeza antibiotiki kama doksisaiklini au siprofloksasini ameze dawa hiyo saa mbili kabla ya magnesiamu, au saa nne hadi sita baadaye. Zikikutana tumboni hushikana na dawa haifyonzwi ipasavyo. Dawa ya tezi ya shingo nayo iachanishwe kwa saa nne.